Ukinunua Dramu za Umeme, Anza na Mguu

Ukishika lami ya Bagamoyo kwenda Msata, barabara ya kilomita 64, Kiwangwa utaitambua kwa mananasi. Yamepangwa kando ya njia, yamelundikwa vibandani, yanapakiwa kwenye magari ya kwenda Dar es Salaam. Ni kata ya wakulima, na fedha ya mkulima huja kwa msimu. Mtu wa Kiwangwa anapoamua kununua kitu kikubwa, hana mshahara wa mwisho wa mwezi wa kuziba pengo. Akikosea, anasubiri shamba lizae tena. Makala hii inamhusu mnunuzi wa namna hiyo anayetaka dramu za umeme: mpigaji wa kwaya, kijana wa bendi ya harusi, mwalimu mwenye kikundi cha wanafunzi, au yule mwenye studio ya chumba kimoja na kompyuta moja.

Kabla ya kuuliza bei, ajiulize kama kweli anahitaji umeme kwenye dramu zake. Pwani hii haijawahi kupungukiwa na ngoma. Wakwere na Wazaramo wana ngoma zao, na pale Bagamoyo mjini ipo TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kuwa wakala wa serikali mwaka 2007, ambako ngoma za makabila mbalimbali hufundishwa darasani. Hata seti ya kawaida ya dramu, ile ya mapipa ya mbao na matoazi ya shaba, ina sifa ambayo ya umeme haina: umeme ukikatika katikati ya harusi, yenyewe inaendelea. Uwanjani inasikika mbali bila spika. Kama shughuli zenu nyingi ni za nje na mnayo stoo ya kuihifadhi, ningewashauri mtafute seti ya kawaida iliyotumika vizuri, na fedha itakayobaki mnunulie matoazi mazuri.

Sababu za kutaka ya umeme zipo, tena za haki. Kanisa dogo lenye kuta za tofali na paa la bati huigeuza sneya halisi kuwa mateso. Mlio unagonga bati, unarudi, na sauti za waimbaji zinamezwa. Dramu za umeme zina kitasa cha kupunguza sauti. Mwanafunzi anayetaka kufanya mazoezi baada ya isha, wakati jirani amelaza watoto, anavaa hedifoni na kupiga hadi achoke. Studioni nako, seti halisi inadai maikrofoni kadhaa na chumba kilichotulizwa mwangwi, ilhali ya umeme inadai waya mmoja wa USB. Mwenye mojawapo ya shida hizi tatu hapotezi fedha zake.

Wala asione haya kwamba fedha zenyewe ni kidogo. Muziki wa mjini katika pwani yetu umejengwa na vyombo vya bei poa. Mchiriku, uliokua uswahilini Dar es Salaam juu ya midundo ya Kizaramo, ulichukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo kwingine vilionekana vya kuchezea watoto, ukavipitisha kwenye vipaza sauti vinavyokwaruza na kuvigombanisha na ngoma za mkono. Jagwa Music wa Mwananyamala waliupeleka mlio huo hadi Ulaya, na mwaka 2012 albamu yao *Bongo Hotheads* ilitolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Singeli ikazaliwa katika mitaa hiyohiyo, safari hii kwa kompyuta. Jamaika nako, mwaka 1985, mdundo uliowekwa tayari kiwandani ndani ya Casio MT-40 ndio Wayne Smith na King Jammy walioutumia kutengeneza “Under Mi Sleng Teng”, na reggae ikabadilika kuanzia hapo. Walichofanana watu hawa wote ni kwamba walijua chombo chao kinaweza nini na hakiwezi nini. Mnunuzi wa dramu za umeme naye aanzie hapo.

Basi tufungue pedi moja tuone. Chini ya mpira au wavu kuna kisahani chembamba cha piezo, ndugu wa kile kinacholia ndani ya kengele za saa za mezani. Ukikipiga, kinatoa umeme kidogo. Ukipiga kwa nguvu, kinatoa zaidi. Waya unaupeleka umeme huo kwenye moduli, kile kisanduku chenye vitufe, nayo moduli inapima ukubwa wa pigo na kuchagua mlio uliorekodiwa unaolingana nalo. Pedi yenyewe haina sauti ya muziki, ni kihisio. Ubora wa seti unakaa katika mambo mawili: jinsi kihisio kinavyotofautisha pigo laini na pigo zito, na jinsi moduli inavyoitumia tofauti hiyo.

Muuzaji atakuonyesha idadi ya milio. Mia tatu, mia nne, na dramu za kila aina hadi ngurumo za roboti. Usihesabu. Mpigaji wa kwaya atatumia seti mbili au tatu za milio mwaka mzima, na zilizobaki ni mchezo wa wiki ya kwanza. Watengenezaji wa seti za bei ya chini wanajua kwamba idadi inauza, na wanajua pia kwamba mnunuzi mgeni hajaribu kwa miguu. Kwa hiyo pale wanapobana gharama, mara nyingi wanabana chini, kwenye miguu.

Dramu hupigwa kwa viungo vinne, na miguu ni nusu ya kazi. Mguu wa kulia unapiga kiki, ule mdundo mzito unaobeba wimbo wote. Kwenye seti rahisi kabisa, kiki si pedi bali ni swichi: unakanyaga pedali iliyolala sakafuni, moduli inatoa mlio. Haina nyundo, haina kitu cha kugonga, na kwa hiyo mguu haupati ule mrudisho ambao mpigaji huutegemea kupiga mara mbili za haraka. Seti za daraja linalofuata zina mnara mdogo wenye pedi, na pedali ya kweli yenye nyundo inaugonga. Tofauti hii naiona kubwa kuliko nyingine zote katika bei ya chini. Mwanafunzi aliyejifunzia kwenye swichi akialikwa kanisa lenye dramu za kawaida atajikuta anaanza mguu upya. Aliyejifunzia kwenye mnara atakaa na kupiga. Na kuna faida ya pili: pedali ya kweli ikichoka, unaweka nyingine ya aina yoyote, hata iliyotolewa kwenye dramu za kawaida. Swichi ikifa, unatafuta swichi ya kampuni ileile.

Ukifika dukani, keti na ukanyage kabla hujashika vijiti. Piga kiki mbilimbili za haraka, laini, kisha nzito. Sikiliza kama kila moja imetoka. Seti dhaifu humeza pigo la pili, au huyatoa yote kwa nguvu ileile kana kwamba hukubadilisha chochote. Angalia pia kama mnara unatembea mbele. Kwenye sakafu ya sementi laini utatembea, na dawa yake ni zulia zito lililo chini ya seti nzima pamoja na kiti chako, ili uzito wako mwenyewe ulishikilie.

Mguu wa kushoto unashika haihati, yale matoazi mawili yanayofunguka na kufungwa, na hapa kwaya za kwetu zinapaswa kuwa makini kuliko mtu yeyote. Mapambio yetu mengi yana damu ya sebene ya Kikongo. Wimbo unaanza polepole, kisha magitaa yanafunguka, na mpigaji anahamia kwenye haihati na sneya akiyakimbiza. Uhai wote wa sehemu ile uko katika kufungua na kufunga haihati: inafunguka kidogo, inabanwa, inafunguka nusu, inabanwa tena. Haihati ya umeme iliyo duni inajua hali mbili tu, wazi au fungwa, na ukiifungua kidogo inaruka moja kwa moja hadi wazi kabisa. Sebene ya namna hiyo haichezeki. Haihati yenye hatua za katikati, hata tatu au nne, inatosha kwa mwenye bajeti. Ijaribu hivi: piga kwa kijiti mfululizo huku ukiinua kisigino taratibu sana. Mlio unapaswa kufunguka pole kwa pole. Kisha ubane mguu bila kupiga. Panapaswa kusikika ule mlio mfupi wa matoazi yanayokutana.

Mikono ina masuala yake. Seti za umeme zilizotangulia, kama Simmons SDS-5 ya mwaka 1981 yenye pedi za pembe sita, zilikuwa na uso mgumu, na wapigaji walilalamikia maumivu ya viwiko na vifundo. Mpira ulipunguza shida. Mwaka 1997 Roland wakatoa TD-10 yenye pedi za wavu, na tangu hapo wavu ndio umekuwa kipimo cha seti nzuri: una mnyumbuko wa ngozi, unakazwa kwa ufunguo, na haupigi kelele nyingi chumbani. Kwa miaka mingi wavu ulikuwa wa wenye uwezo. Sasa umeshuka hadi kwenye seti za kuanzia, na kwa bei zilivyo sioni sababu ya mpigaji wa kila wiki kukubali mpira kwenye sneya. Kwenye tomu mpira si kosa kubwa. Matoazi karibu yote ya bei hii ni ya mpira au plastiki, nayo yanafaa.

Kwa sneya, jaribu mapigo ya mfululizo. Anza kwa vijiti vyote viwili vikigusa kwa upole mno, panda taratibu hadi nguvu yako yote, kisha shuka. Moduli nzuri itakupa mlio unaobadilika rangi unapopanda. Moduli hafifu ina rekodi moja au mbili za sneya na inazipandisha sauti tu, na ukipiga haraka unasikia mfululizo wa mapigo yanayofanana kama ya cherehani. Kasoro hiyo inaweza kuvumilika kwa mwenye kompyuta, kwa sababu anaweza kupuuza milio ya moduli na kupitisha mapigo kwa USB kwenye programu yenye milio bora. Kwa kwaya isiyo na kompyuta jukwaani, mlio wa moduli ndio utakaosikika kila Jumapili.

Sasa majina. Alesis Nitro Mesh ndiyo niliyoiona ikitajwa zaidi kwa mtu wa bajeti, na kwa haki: pedi zake zote za ngoma ni za wavu, kiki ni mnara, na pedali inakuja ndani ya boksi. Madukani Marekani imeuzwa kwa dola zisizofika 400, ambazo kwa viwango vya karibuni ni kama shilingi milioni moja, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Udhaifu wake ni sneya ya inchi 8, ambayo ni ndogo kwa mkono uliozoea dramu za kawaida. Nitro Max iliyofuata mwaka 2023 imeipanua hadi inchi 10. Yamaha DTX402K ina moduli nzuri ya kufundishia na uimara ambao Yamaha inajulikana nao, lakini kiki yake ni ya kukanyaga bila nyundo na pedi zake ni za mpira. Ningempa mtoto anayeanza, nisingeipeleka kwenye kwaya. Roland TD-1K ya mwaka 2014 bado inaonekana sokoni ikiwa imetumika, nayo ina kasoro hiyohiyo ya kiki. Baadhi ya seti za Roland zilizo juu yake huja na mnara lakini bila pedali, kwa hiyo bei uliyoambiwa haijaisha.

Yupo mnunuzi mwingine ambaye hahitaji seti nzima hata kidogo. Kikundi cha ngoma kinachotaka kuchanganya asili na mlio wa kisasa kitafaidika zaidi na pedi ya mchanganyiko, ubao mmoja wenye sehemu kadhaa za kupiga. Alesis SamplePad 4 ni ndogo na rahisi, ina pedi nne, na inapokea milio yako mwenyewe kwa kadi ya kumbukumbu. Roland SPD-SX ya mwaka 2011 ina pedi tisa na kazi kubwa zaidi, pamoja na bei kubwa zaidi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kurekodi ngoma za Kiwangwa kwenyewe, zikiwa zimekanzwa motoni zikawambika sawasawa, na kuzipiga kutoka kwenye pedi hiyo pale ambapo huwezi kubeba ngoma sita na wapigaji wao. Moduli nyingi za seti za bei nafuu hazina nafasi ya kuingiza milio ya nje. Zitakupa konga za Kuba na tabla za India, lakini si ngoma ya bibi yako. Hili linanigusa. Ngoma zetu hazimo ndani ya visanduku hivi kwa sababu walioviunda hawakuwahi kuzisikia, na zitaingia tu sisi tukiziingiza. Anayerekodi awaombe ruhusa wazee wenye ngoma hiyo, na awaeleze itapigwa wapi.

Tuje kwenye gharama ambayo watu wengi huisahau. Dramu za umeme bila spika ni bubu. Hedifoni zinatosha mazoezini, lakini kanisani au kwenye sherehe mlio lazima upite mahali, na si kila mahali panafaa. Uzito wa kiki unakaa chini sana, kwenye mitetemo ya kati ya 50 na 100 kwa sekunde, na redio ya nyumbani au amplifaya ya gitaa haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Itakwaruza, na ukiilazimisha utachana koni yake. Kinachofaa ni spika yenye amplifaya ndani, koni ya inchi 10 au 12, au mikisa ya kanisa kama spika zake zina besi ya kutosha. Unganisha kwa jeki kubwa kama ya gitaa, na kama unatumia waya mmoja, chomeka kwenye tundu la kushoto ambalo kwa kawaida limeandikwa pia mono. Sauti iwe chini kabisa wakati wa kuchomeka.

Umeme wetu ni volti 230. Hili nalisisitiza kwa wanaovutiwa na vyombo vilivyotumika kutoka Japani, ambavyo vingi ni imara na bei yake inatamanisha. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120. Adapta iliyotengenezwa kwa ajili ya kule tu, ukiichomeka ukutani Kiwangwa, inaungua papo hapo na inaweza kuondoka na moduli. Geuza adapta usome maandishi madogo: ikisema inapokea 100–240V, iko salama na inahitaji kichwa cha kuchomekea tu. Ikisema 100V peke yake, mwachie muuzaji adapta hiyo na utafute nyingine yenye volti, ampea na mwelekeo wa chanya na hasi unaolingana na ulioandikwa kwenye moduli. Moduli yenyewe hula wati chache mno, hata mfumo mdogo wa sola unaiendesha kwa saa nyingi. Mlaji wa umeme ni spika, na hesabu ya betri au jenereta ifanywe kwa ajili yake.

Kwa chombo kilichotumika, moduli ndiyo ya kukaguliwa kwa makini kuliko vyote, kwa sababu ikifa seti imekufa. Tikisa kila tundu la waya huku ukipiga, uone kama mlio unakatika. Pedi isiyolia isikutishe sana. Mara nyingi ni waya uliokatika au kisahani cha piezo kilichoachia, na visahani hivyo, vya milimita 27 au 35, ni vya bei ndogo. Fundi redio yeyote anayejua kushika chuma cha risasi anaweza kukibadilisha akiwa na subira. Wavu uliochanika nao una njia. Wapo wanaotumia tabaka mbili za wavu wa dirishani, zikiwa zimepishana, na wanapiga vizuri tu. Bagamoyo, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, angalia kutu kwenye skrubu na matundu. Kiwangwa adui ni vumbi, na shuka la pamba juu ya seti baada ya kila ibada linaokoa zaidi kuliko dawa za kusafishia.

Kwa hiyo mtu mwenye milioni mbili asinunue seti ya milioni mbili. Mimi ningeweka nusu kwenye seti, sehemu kubwa ya iliyobaki kwenye spika, kisha kwa kinachosalia ningenunua kiti cha dramu cha kupandisha na kushusha, zulia, waya mbili za akiba na jozi kadhaa za vijiti. Kiti si anasa. Mwanafunzi anayekaa kwenye kiti cha plastiki cha sherehe goti lake linakaa pasipo pake, mguu unachoka mapema, na mdundo unarudi nyuma wimbo ukifika nusu. Kama fedha haifiki, afadhali kungoja msimu mmoja upate mnara wa kiki kuliko kununua swichi leo.

Seti ikishafika nyumbani na kufungwa, jioni ya kwanza itumike kwenye menyu ya moduli. Rekebisha wepesi wa kila pedi ulingane na mkono wa mpigaji wenu. Mpigaji mwepesi na mpigaji mzito hawawezi kutumia mpangilio mmoja. Gonga tomu kwa nguvu na usikilize kama toazi la jirani linalia lenyewe, kwa sababu fremu moja hubeba mtetemo wa pedi zote. Kama linalia, punguza wepesi wake au ongeza kizuizi cha mwingiliano hadi linyamaze. Ukimaliza, hifadhi mpangilio huo kwenye nafasi ya mtumiaji kabla ya kuzima, maana moduli nyingine husahau kila ulichokifanya.